Miwati Iliyokufa kwa Maji

Jumamosi iliyopita tulimzika Papa Bahati, na hapo msibani nikafanya jambo ambalo hadi leo naona haya nikilikumbuka. Tulikuwa tumerudi kutoka makaburini, tumekaa ukumbini Mount Druitt, hapa Sydney, kwenye viti vya plastiki, sahani za wali na sombe, kisamvu cha kwetu, mapajani, na Bahati, mwanawe wa kwanza, akasimama kusoma historia ya marehemu. Alisoma kwa Kiingereza, mzee mmoja wa kanisa akitafsiri: alikozaliwa, kambi alizopitia, ndege iliyomleta, kazi alizozifanya. Alipofika kwenye kitalu cha miche alianza kucheka kabla hata hajatamka neno. "Hapo baba alifukuzwa," akasema, "kwa sababu aliiua mimea ya jangwani kwa kuimwagia maji. Ya jangwani! Kila Krismasi alikuwa anatusimulia." Ukumbi mzima ukacheka, kile kicheko cha msibani watu wanapopata nafasi ya kupumua. Mama Bahati mwenyewe alicheka huku akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi nilijikuta nimesimama. Sahani ilikuwa imeanguka, sombe imenirukia viatuni, na nikaisikia sauti yangu ikisema, "Si yeye. Ni mimi niliyeiua." Kicheko kilikatika. Bahati aliniuliza, "Auntie, unasema nini?" nami nikainama kuokota sahani. Nilikuwa nimemwahidi baba yake kwamba sitamsahihisha. Ahadi hiyo niliitunza miaka yote hii, halafu nikaivunja mbele ya picha yake, siku ya kumzika. Nikitaka kujieleza, hata kwangu mwenyewe, inanibidi nianze na mwaka ule niliokuwa na miaka kumi na tisa.

Kitalu kilikuwa mwendo wa mabasi mawili kutoka nyumbani kwa shangazi yangu Mount Druitt, ng'ambo ya maghala ya Wetherill Park, mahali ambapo ungedhani hakuna kinachoota isipokuwa mabati na malori. Mwenye kitalu alikuwa Bibi Glenys, mwanamke wa miaka sabini, mwembamba, mikono imekwaruzwa hadi viwikoni. Hakuuza maua ya kupamba meza. Aliotesha mimea ya asili ya nchi hii, na wateja wake walikuwa watu wachache wenye kofia pana ambao walizungumza naye kwa majina ya Kilatini kana kwamba wanasali. Wafanyakazi tulikuwa wawili tu. Papa Bahati, Mkongo wa Uvira, mtu mzima wa miaka hamsini, ndiye aliyekuwa msimamizi wa maji. Mimi nilijaza udongo, nilipalilia, na siku moja kwa wiki nilikwenda chuo cha ufundi kusomea kazi hiyohiyo. Chumba chetu cha kupumzikia kilikuwa kontena kuukuu lililotobolewa dirisha. Ndani mlikuwa na meza, birika la umeme, friji iliyonguruma kama mgonjwa, na viti vitatu visivyofanana. Bibi Glenys alikula mkate uliopakwa kitu cheusi chenye chumvi kali, Papa Bahati alikuwa na bugali wake wa muhogo na ndagala, dagaa wa kwao. Nikiukumbuka mwaka ule, kabla ya jambo lolote naikumbuka harufu ya kontena lile: samaki, udongo mbichi na majani ya chai.

Mwisho kabisa wa kitalu, chini ya paa la plastiki lililowekwa makusudi kuzuia mvua, palikuwa na miwati thelathini na minne. Neno hilo nililijua tangu Kigoma, kwenye kambi ya wakimbizi nilikokulia. Kwetu mwati ni mti mrefu wa nyanda za baridi, unaopandwa kwa safu, watu wanauza magome yake. Bibi Glenys aliponiambia kwamba hii nayo ni miwati nilidhani ananitania. Ilikuwa vichaka vya kufika kiunoni, rangi ya majivu, majani membamba magumu yenye ncha ya kuchoma. Papa Bahati aliiita sindano. Asili yake ni vilima vya mawe mbali huko magharibi, safari ya siku mbili kwa gari, nchi ambayo mvua ikinyesha leo watoto wanaozaliwa siku hiyo wanaweza kuanza shule kabla haijanyesha tena. Mume wa Bibi Glenys ndiye aliyezichuma mbegu kwa mkono wake, katika safari yao ya mwisho, na mwaka uliofuata akafariki. Hilo Bibi Glenys alinieleza mara moja tu, akiwa amenipa kisogo, akichambua magugu. Miwati hiyo haikuwa ya kuuza.

Mwezi wa kwanza, katikati ya kiangazi cha huku, Bibi Glenys aliingia hospitali kubadilishwa nyonga. Alituambia atakuwa nje wiki sita. Kwenye ubao uliokuwa mlangoni mwa banda la miwati aliandika kwa herufi kubwa: MAJI KILA SIKU KUMI. SI KABLA. Alitusomea kwa sauti, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaondoka na teksi. Siku tatu baadaye likaja joto. Wanaoijua Sydney ya pwani hawalijui joto la upande wetu. Lami ilikuwa laini chini ya viatu, ndege walitua chini ya mabomba wakiwa wameachama midomo. Nilikwenda kuitazama miwati, nikaona majani yake yameinama, rangi imefifia. Nikamwambia Papa Bahati. Alinyanyua mabega. "Mama alisema siku kumi," akajibu kwa Kiswahili cha kwao Uvira. "Yeye njo anaijua."

Sasa niseme ukweli wangu. Mimi nimekulia kwenye foleni ya maji. Kambini tulipanga madumu tangu alfajiri, na mara nyingi bomba lilikauka wakiwa wamebaki watu wawili kabla ya zamu yako. Nimemwona mama yangu akipima maji ya kunywa kwa kifuniko cha chupa. Halafu hapa, Australia, nimeshika mpira wenye maji yasiyokoma, na mbele yangu kuna viumbe vinakauka, na ubao unaniambia nisivipe. Sikuweza. Nilianza kupanda basi la kwanza, nafika saa kumi na mbili asubuhi, saa nzima kabla ya Papa Bahati, nainywesha miwati yote thelathini na minne hadi maji yatoke chini ya vyungu, kisha nafagia njia ili isionekane kuna unyevu. Siku ya nne majani yalianza kuwa ya manjano. Nikaona bado ni kiu. Nikaongeza. Kadiri yalivyozidi kugeuka manjano ndivyo nilivyozidi kuyamwagia, nikiyabembeleza kwa Kirundi kama mtu anayemlisha mtoto mgonjwa uji. Hata siku moja haikunipitia akilini kwamba maji yanaweza kuua. Leo nina watoto wawili wanaoacha bomba wazi wakipiga mswaki, na nikiwagombeza wananijibu kwa Kiingereza kwamba nimezidisha. Wao hawawezi kuelewa nilivyokuwa, nami siku hizi siwezi kumwelewa kabisa yule msichana. Lakini namkumbuka. Alikuwa na hakika kwamba anaokoa.

Bibi Glenys alirudi mwishoni mwa mwezi wa pili, akitembelea magongo mawili. Hakupita kontenani kunywa chai. Alikwenda moja kwa moja hadi mwisho wa kitalu, sisi tukimfuata. Miwati yote ilikuwa imesimama mahali pake, ya kahawia, imekufa. Papa Bahati alikuwa amehangaika nayo majuma mawili bila kuelewa, akidhani ni ugonjwa au joto. Bibi Glenys aliegemeza gongo moja kwenye meza ya vyungu, akashika shina la kwanza, akavuta. Lilitoka bila ubishi wowote. Mizizi ilikuwa myeusi, laini, inanuka kama tambara lililosahauliwa ndani ya ndoo. Alivuta la pili. La tatu. Sikuwahi kuona uso wa mtu mzima ukigeuka vile. Damu yote ilimtoka usoni, nikadhani ataanguka. "Imezama," akasema taratibu. "Mtu ameizamisha. Kila siku." Na hapo, hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya.

"Nani?" aliuliza.

Papa Bahati alinitazama. Hakunitazama usoni, alinitazama miguuni, kwenye viatu vyangu vya mpira vilivyokuwa na alama ya matope ya zamani hadi kwenye vifundo. Nikaona anaelewa. Kisha akavua kofia na kumwambia Bibi Glenys kwa Kiingereza chake, "Ni mimi. Joto lilikuwa kali. Niliogopa."

"Nilikuandikia," Bibi Glenys akasema. "Nilikusomea."

"Ndiyo, Mama. Niliogopa."

Nilifumbua mdomo. Bila kugeuka, kwa Kiswahili, kwa sauti ileile ya unyenyekevu aliyokuwa akizungumza naye, Papa Bahati akaniambia, "Nyamaza, mutoto. Usitamke kitu." Bibi Glenys alidhani bado anaomba radhi. Alimwambia achukue vitu vyake na asirudi. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepiga kelele.

Nilimkimbilia hadi getini. Alikuwa na bakuli lake chini ya kwapa na koti mkononi. Nilikuwa nalia, nasema nitarudi sasa hivi nikamweleze ukweli. Alinikamata kiwiko. "Unisikilize," akasema. "Mi tayari nimepata kazi Wetherill Park, gala ya vipuri vya magari. Juma lijalo naanza. Hapa nilikuwa naondoka tu. Weye uko na masomo. Huyu Mama asipotia sahihi karatasi yako mwaka huu, unaanza upya. Sawa?" Nikasema sawa. Nilifarijika upesi mno, na faraja ile ndiyo inayoniumiza hadi leo kuliko uongo wenyewe. Nilirudi ndani, nikamsaidia Bibi Glenys kubeba miwati thelathini na minne hadi kwenye pipa la takataka. Aliniambia mimi ni msichana mzuri.

Miezi ikapita. Niliifanya kazi yangu na ya Papa Bahati. Bibi Glenys alizidi kunizoea, akanifundisha majina ya Kilatini, akanikatia nusu ya mkate wake wa kitu cheusi, nami nikaumeza kama dawa. Kisha Jumapili moja ya mwezi wa tano nilikuwa chumbani napiga pasi nguo za wiki, na jikoni shangazi alikuwa anakaanga mandazi na rafiki yake Mama Joselyne. Kuta za nyumba zile ni nyembamba. Mtu akikuna kichwa upande wa pili unasikia.

"Papa Bahati bado yuko kule ghalani?" Mama Joselyne aliuliza.

"Mke wake anasema yuko," shangazi akajibu. "Kila asubuhi anatoka na chakula."

"Ghala gani hilo? Dada yangu wa Macquarie Fields anamwona stesheni. Amekaa kwenye benchi peke yake mchana, anakula. Mara ya kwanza akadhani amemfananisha. Mara ya tatu akamsalimia kabisa. Akamwambia yuko mapumzikoni."

"Macquarie Fields? Si ni mwisho wa dunia kule?"

"Ndiyo nakwambia! Anapanda treni asubuhi, anazunguka nazo, saa kumi anarudi kwake. Ili watoto wasijue hana kazi. Tangu mwezi wa pili, dada. Tangu mwezi wa pili!"

Nilisikia harufu ya kuungua. Pasi ilikuwa imetulia juu ya blauzi ya shangazi na kuacha alama ya kahawia yenye umbo lake. Niliinua pasi, nikaikodolea macho alama ile. Sijui kwa muda gani. Shangazi aliingia mbio akapiga kelele, akaninyang'anya pasi.

Alhamisi, badala ya kwenda chuo, nilipanda treni hadi katikati ya mji, nikabadilisha, nikaenda Macquarie Fields. Alikuwepo. Amekaa mwisho wa jukwaa, shati limepigwa pasi, juu yake kizibao kinachong'aa cha watu wa ghala, kile cha rangi ya chungwa. Alikuwa amekinunua mwenyewe dukani, kipya, hakina hata doa la mafuta. Yeye aliponiona hakushtuka. Alisogeza bakuli, akanipisha nafasi. "Leo si siku ya masomo?" akauliza.

"Papa, ulisema umepata kazi."

"Nitapata."

"Nitamwambia Bibi Glenys."

"Hapana." Alisema hivyo mara moja, kisha akaendelea kula, na treni mbili zikaja na kuondoka tukiwa tumekaa.

Nilimwambia Bibi Glenys kesho yake mchana, kontenani, nimesimama, yeye ameketi na kikombe mkononi. Nilisema yote: basi la kwanza, mpira, kufagia njia, getini, benchi la stesheni. Nilipomaliza alisema, "Rudia." Nikarudia. Alikiweka kikombe mezani kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba ndicho kitakachovunjika. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari. Vitu vyangu vilikuwa vimeshaingia kwenye mfuko. Badala yake alikuwa ananitazama kama mtu aliyeamshwa mahali asipopajua. "Mtu yule alinisaidia kumzika mume wangu," akasema. "Alibeba jeneza. Nami sikumuuliza hata swali moja la pili." Jambo hilo sikulijua. Papa Bahati hakuwahi kunieleza. Bibi Glenys akanyanyuka, akachukua funguo za gari na fimbo, akaniambia niingie.

Tulimngoja Mount Druitt, jukwaani, saa mbili nzima, hadi aliposhuka na kizibao chake. Bibi Glenys alisimama, akamwambia mbele za watu waliokuwa wakitoka shule na kazini, "Nilikukosea. Naomba unisamehe. Kazi yako ipo." Papa Bahati alimpa mkono kwa heshima zote, akamshukuru, akasema atafikiri. Kisha akanigeukia, nami nikarudi nyuma hatua moja, kwa sababu sikuwahi kuiona sura ile. Mtu mpole yule alikuwa anatetemeka kwa hasira.

"Mi nilikupatia kitu," akasema kwa Kiswahili. "Nilikupatia kwa roho yangu yote. Weye umekichukua, umekirudisha dukani."

"Papa, ulikuwa unateseka."

"Mateso ni yangu! Nani alikutuma uyahesabu?" Watu walikuwa wanatutazama. Akashusha sauti. "Sasa sikia. Nyumbani kwangu nitasema mwenyewe. Nitawaambia batoto nilifukuzwa, nilimwagia sindano maji kama mjinga, watacheka, itaisha. Na weye usinisahihishe. Hata siku moja. Wakijua ya kweli watakuchukia, ama watanifanya mimi mtakatifu, na vyote viwili sivitaki. Unaahidi?"

Nikaahidi. Akaondoka bila kuniaga. Wiki tano baadaye, Jumatatu, aliingia kitaluni kama mtu aliyetoka jana, akatundika koti, akachukua mpira. Bibi Glenys alimsalimia kwa kutikisa kichwa. Mimi sikusalimiwa. Alifanya kazi kando yangu mwezi wa saba wote na wa nane bila kunisemesha. Akitaka koleo alinyoosha mkono tu. Nilistahili, lakini kustahili hakukupunguza kitu. Nilikuwa narudi nyumbani mabega yananiuma kama niliyebeba mizigo.

Mwishoni mwa mwezi wa nane, baridi ilipoanza kulegea, Bibi Glenys alileta bahasha ndogo ya kaki yenye mwandiko wa mumewe. Ndani zilibaki mbegu kumi na moja, nyeusi, ngumu kama kokoto. Akaziweka ndani ya kikombe mbele yangu, akawasha birika. Lilipochemka na kuanza kurusha kifuniko, akaniambia, "Mimina."

"Juu ya mbegu?"

"Juu ya mbegu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Maji baridi yalikuwa yameua ndugu zake thelathini na wanne, na sasa mwanamke huyu ananiamuru nizichemshe zile za mwisho duniani anazozimiliki. Alinieleza kwamba ganda lake limeumbwa kungoja moto wa porini. Bila kushtuliwa na joto haliachii. Nilielewa, lakini mkono ulikataa. Nililia pale mezani, mtu mzima wa miaka kumi na tisa. Papa Bahati alikuwa ameketi kwenye kiti chake akitazama. Aliinuka, akalichukua birika, akaniwekea mkononi, akarudi kukaa. Nikamimina. Zile mbegu zililia ndani ya kikombe, sauti ndogo, ti, ti, ti. Tuliziacha zilowe hadi kesho yake, tukazipanda kwenye mchanga na changarawe, na mpira wa maji haukuruhusiwa kusogea upande ule. Bibi Glenys alinyunyizia mwenyewe, kwa kijiko.

Siku ya kumi na sita nilifika kazini nikamsikia Papa Bahati anaita kutoka mwisho wa kitalu, sauti imepasuka. "Espe! Espe, kuya uone!" Lilikuwa jina langu, kwa mara ya kwanza tangu stesheni, na nilikimbia nikijua kwamba zimekufa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya trei. Miche saba ilikuwa imetokeza, urefu wa kucha. Niliinama kuitazama. Haikuwa na sindano. Kila mche ulikuwa na vijani vidogo vilivyopangana pande mbili kama unyoya, kijani laini, jani lilelile la migunga iliyozunguka kambi yetu, ambayo chini yake tulipanga madumu. Ningelitambua popote. "Ni mgunga wa kwetu," nikasema. "Papa, tumepanda mbegu gani?"

"Hata mimi najiuliza," akanong'ona.

Bibi Glenys alifika na fimbo yake, akatuona tulivyoduwaa, akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Akasema miwati yote huanza hivyo, hata hii ya vilima vya mawe, na baada ya wiki chache majani yale hudondoka, ndipo sindano zinapotoka. Kisha, ingawa daktari alimkataza kabisa, naye akapiga magoti katikati yetu ili aione kwa karibu. Aliigusa mmoja mmoja kwa ncha ya kidole. Alipotaka kuinuka nyonga ilikataa. Papa Bahati akamshika mkono huu, mimi nikamshika ule.

"Espe, uko tayari?" akaniuliza.

"Niko tayari, Papa."

Tukamwinua.